Basi lililoagwa kama jamaa

Je, msomaji, umewahi kuona watu wakifurika barabarani kuliaga basi? Hivyo ndivyo ilivyokuwa London, Uingereza, tarehe 9 Desemba, 2005, mabasi ya Routemaster yalipoondolewa katika njia nambari 159, ya mwisho kuyatumia kwa huduma za kawaida.

Basi hilo jekundu la orofa mbili lilianza kubeba abiria mwaka wa 1956. Kufikia 1968, mabasi 2,876 yalikuwa yameundwa, bodi zake zikiwa za aluminiamu ili yawe mepesi.

Lakini ukiwauliza wapenzi wake wanachokumbuka, wengi hawataanza na injini. Watakusimulia juu ya sehemu ya nyuma isiyo na mlango, ambapo abiria alidandia au kushuka basi likikwama kwenye msongamano. Watamtaja kondakta aliyening'iniza mashine ya tiketi kifuani, akaizungusha mkono, kisha akapiga kengele mara mbili kumwambia dereva aondoe gari.

Hata hivyo, mlango huo uliosifiwa uliwafungia wengine nje. Mlemavu wa kiti cha magurudumu hakuweza kupanda, na mama mwenye kigari cha mtoto alitaabika. Tena, kuajiri watu wawili kwa kila basi kulikuwa ghali.

Leo mengine yanatunzwa na wapenzi hao, na mengine yamo katika makumbusho ya mabasi huko Brooklands. Nawe unapolikumbuka basi la utotoni mwako, jiulize pia: ni nani aliyeachwa kituoni?