Je, Wajua? Umemshtaki Bosi kwa HR, na Zamu Zako Zimebadilika

Je, wajua kwamba kisasi cha kazini hakiandikwi kwa jina lake? Kwenye barua huitwa "mabadiliko ya majukumu", "utendaji usioridhisha" au "kupunguza wafanyakazi". Kwa hiyo anayesikiliza mgogoro huanza na tarehe: lalamiko lilifika HR lini, barua ya kwanza ya kujieleza ilitoka lini, na kabla ya hapo faili lilikuwa na nini. Mtu aliyefanya kazi miaka sita bila onyo, akapata matatu ndani ya mwezi mmoja baada ya kumtaja meneja, tayari ana la kuonyesha.

Je, wajua kuwa Kenya imelitaja jambo hili waziwazi? Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufukuzwa, na kimeliweka pamoja na ujauzito, dini, kabila na uanachama wa chama cha wafanyakazi. Mlango mmoja umeachwa wazi: lalamiko likithibitika kuwa la ovyo na lisilo na msingi, kinga hiyo haipo.

Tanzania Bara nayo? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametoa taarifa ambazo sheria inamruhusu au inamtaka azitoe, au ametumia haki aliyopewa na sheria au mkataba. Kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri kazi ya kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki. Ila aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hafikiwi na ulinzi huu dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na wapo mabosi wanaolijua hilo kuliko maafisa utumishi wao.

Je, wajua kwamba una siku 30 tu? Huo ndio muda wa kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, CMA. Migogoro mingine ni siku 60. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya msingi. "HR waliniambia nisubiri" ni sababu dhaifu. Kenya, lalamiko la kufukuzwa hupelekwa kwa afisa kazi ndani ya miezi 3.

Je, wajua kisa cha Kamini Jhuti? Aliajiriwa Royal Mail ya Uingereza mwaka 2013. Akiwa bado katika kipindi cha matazamio, alimwandikia meneja wake kwamba mwenzake anakiuka taratibu za motisha kwa wateja. Meneja akamsukuma afute maneno yake, naye akafuta. Hapo vikaanza vikao vya kila wiki na malengo mapya, na faili likajaa habari za utendaji mbovu. Mwaka 2014 meneja mwingine aliletwa kuamua hatima yake. Huyo hakuwa na chuki naye. Alisoma alichowekewa mezani, akaamini, akamwachisha kazi. Swali likawa gumu kweli: aliyefanya uamuzi akiwa amedanganywa, kisasi ni cha nani? Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba kama aliye juu ya mfanyakazi ameficha sababu halisi nyuma ya sababu ya kubuni, sababu ya kuachishwa ni ile iliyofichwa. Kwa wale wanaopenda kusema "mimi nilitia sahihi tu", hukumu hiyo inafaa kusomwa.

Je, wajua kuwa kisasi kinaweza kutokea bila mshahara kuguswa? Sheila White alikuwa mwanamke pekee katika kitengo chake kwenye yadi ya reli huko Memphis, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuendesha foklifti. Alipomlalamikia msimamizi wake kwa maneno ya kumdhalilisha kama mwanamke, msimamizi alisimamishwa siku 10, lakini White naye akatolewa kwenye foklifti na kupelekwa kwenye kazi ya reli, iliyo nzito na chafu zaidi. Cheo kilibaki kilekile. Baadaye alisimamishwa siku 37 bila malipo, zikamkuta sikukuu za Krismasi nyumbani bila senti. Kampuni ilimrudishia fedha hizo ikidhani imemaliza. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi, na ikaweka kipimo: je, kitendo hicho kingemfanya mfanyakazi mwenye akili timamu aogope kulalamika?

Hata shahidi huumia. Vicky Crawford, mtumishi wa serikali ya jiji la Nashville kwa miaka 30, hakupeleka lalamiko lolote. Aliitwa na HR, akaulizwa kuhusu mwenendo wa mkubwa mmoja, akajibu. Mkubwa huyo hakuchukuliwa hatua. Crawford na wenzake wawili waliomtaja wakafukuzwa. Mwaka 2009 mahakama hiyohiyo ilisema anayejibu maswali ya HR analindwa sawa na anayeanza kulalamika.

Na mchumba? Naye pia. Kentucky, kampuni ilimfukuza Eric Thompson wiki tatu baada ya kujua kuwa mchumba wake, aliyefanya kazi hapohapo, ameishtaki kwa ubaguzi. Mwaka 2011 ikaamuliwa kuwa anaweza kudai.

Je, wajua kuwa mwaka wa fedha wa 2020, asilimia 55.8 ya malalamiko yaliyofika tume ya Marekani ya usawa katika ajira yalidai kulipiziwa kisasi? Kwa hesabu hiyo, kisasi kiliutangulia ubaguzi wa rangi, wa jinsia na wa umri, kila mmoja kwa nafasi yake.

Je, wajua kwamba mwajiri wa Kenya mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono, na kwamba sera hiyo lazima iahidi kutotaja jina la mlalamikaji isipokuwa uchunguzi au hatua za nidhamu zikilazimu? Iombe kabla hujaihitaji.

Kuacha kazi mwenyewe je? Sheria ya Tanzania inahesabu kuwa umeachishwa ikiwa mwajiri ameyafanya maisha ya kazini yasivumilike. Ila kuthibitisha hilo ni juu yako.

Na mkishaachana, Kenya na Tanzania zote zinamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi. Kwa Kenya, kuandika kwamba ulikuwa mchapakazi na mwenye tabia njema, sheria haimlazimishi.