Mkopo wa chuo: anza na cheti cha kuzaliwa

Kijana wa Ntalikwa akimaliza kidato cha sita, nyumbani wote husubiri matokeo. Lakini kuna wenye alama nzuri tu ambao ombi lao la mkopo wa HESLB linakwama kwenye karatasi.

Maombi hutumwa kwa mtandao, na cheti cha kuzaliwa lazima kwanza kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi anahakiki pia cheti cha kifo. Hapo ndipo mambo huharibika: mtoto hakuwahi kuandikishwa, au shuleni ni Masanja na kwenye cheti ni jina jingine. Kurekebisha jina huchukua muda, na dirisha la maombi halimsubiri mtu. Bora cheti kishughulikiwe kijana akiwa bado kidato cha tano, pesa ya tumbaku ikiingia.

Fomu nayo inataka saini ya mdhamini, ya serikali ya kijiji na ya mwanasheria. Nauli ya Tabora mjini iwekwe kabisa.

Chuo chenyewe kinaombwa kivyake. Na hilo ni deni: akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi.