Stenti ya Mshipa wa Ubongo: Kati ya Kuganda na Kuvuja kwa Damu

Aneurizimu ni sehemu ya mshipa wa damu wa ubongo ambayo ukuta wake umedhoofika na kutuna. Ikipasuka, damu huvuja kuzunguka ubongo, na mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa asiyowahi kuyapata.

Aneurizimu nyingi huweza kutibiwa bila kufungua fuvu. Katheta hupitishwa kutoka kinenani au kifundo cha mkono hadi ubongoni, na uvimbe hujazwa nyuzi laini za platinamu. Mdomo wa uvimbe ukiwa mpana, stenti, yaani kimrija cha wavu wa metali, huwekwa ndani ya mshipa ili kuzuia nyuzi zisitoke.

Stenti ni kitu kigeni mwilini, na chembe sahani za damu hujibandika juu yake. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa aspirini na klopidogreli. Donge likitokea wakati wa matibabu, madaktari hukagua kama stenti imefunguka sawasawa. Isipofunguka, huweza kuipanua kwa puto. Donge lenyewe hutibiwa kwa dawa kali zaidi dhidi ya chembe sahani, kama tirofibani. Mshipa ukitoboka, mwelekeo hugeuka: heparini hubatilishwa kwa protamini, puto huziba damu kwa muda, na nyuzi huongezwa. Tiba ya hatari moja huchochea nyingine. Hivyo ni lazima picha ya mishipa ioneshe kwanza tatizo ni lipi.

Hatari haiishii hospitalini. Kutoka Muhimbili hadi Mtaa wa Msimbazi ni mwendo mfupi, lakini katika zahanati na maduka ya dawa ya Kariakoo stenti huweza kulindwa au kuhatarishwa. Anayetaka kung'oa jino asiambiwe aache vidonge kabla daktari aliyeweka stenti hajaulizwa. Mara nyingi jino hung'olewa dawa zikiendelea, na damu ikazuiwa palepale. Ibuprofeni huweza kupunguza nguvu ya aspirini, na omeprazoli ile ya klopidogreli. Mwuza dawa na aulize kwanza mteja anatumia nini.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama au kichwa kikiuma ghafla kupita kiasi, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa mara moja, pamoja na vidonge vyake na cheti chake. Asisubiri kupambazuke.