Dirisha dogo, gharama kubwa

WENYE nyumba za kukodisha mijini wamelalamika kwa muda mrefu kwamba sheria za ujenzi ni mzigo, na kwamba kila sharti huishia kwenye kodi ya mpangaji. Je, ni kweli?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Sheria zilizotumika Kenya tangu 1968 zilifuata mfano wa Uingereza na kusisitiza mawe na simiti hata pale ambapo vifaa vya bei nafuu vingetosha. Mnamo 1995 serikali ilizilegeza kwa nyumba za watu wa mapato ya chini, mradi jengo liwe imara na salama. Kanuni mpya za kitaifa zilianza kutumika 2025.

Lakini yapo masharti ambayo ukiyapuuza, gharama haiondoki; inahamia kwa mtu mwingine. Chukua dirisha. Kipimo kilichozoeleka ni angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha futi 10 kwa 10 basi huhitaji dirisha la futi 10 za mraba, linalofunguka nje. Landilodi akijenga hadi mpakani, dirisha hutazamana na ukuta wa jirani au hukosekana kabisa. Yeye amepata chumba kimoja zaidi cha kukodisha.

Mpangaji amepata nini? Viini vya kifua kikuu husambaa mgonjwa anapokohoa, na huweza kubaki hewani kwa saa kadhaa katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha Kenya miongoni mwa nchi 30 zinazolemewa zaidi na ugonjwa huu. Dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, lakini matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na kibarua aliye kitandani halipwi. Jiko la makaa nalo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu msingi na nguzo, hesabu ni ya kutisha zaidi. Jengo lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, Aprili 2016 liliua watu wapatao 50.

Tunaweza kujadiliana kuhusu aina ya ukuta. Hewa na uimara havina punguzo.

Kabla ya kulipa deposti, tembelea chumba adhuhuri na uzime taa. Usipoweza kusoma gazeti hili humo, tafuta kwingine. Ukishahamia, fungua dirisha kila siku, na usilale jiko likiwaka ndani. Ukikohoa kwa majuma mawili, nenda ukapimwe.