Sukuma Wiki ya Kujikunja Inastahili Sufuria Zetu

Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai haina mjadala. Baridi hiyo hiyo ndiyo inayoipendeza sukuma wiki ya majani yaliyojikunja, kwa sababu jani lake likipigwa na ubaridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari na ladha yake hulainika. Mmea huu ni ndugu wa damu wa kabichi, lakini kabichi hukatwa mara moja na kwisha, ilhali sukuma wiki huchumwa majani ya chini huku juu ikiendelea kuchipua kwa miezi kadhaa. Kwa familia yenye kiwanja kidogo, au hata viroba vichache vya udongo nyuma ya nyumba, hiyo ni faida kubwa. Kinachoinyima nafasi mezani ni namna tunavyoipika.

Haja ya mboga kama hii ipo wazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, mkoa unaovuna mahindi kwa wingi, ilikuwa na takribani asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi, zikiwemo maradhi, maji yasiyo salama na afya ya mama, na hakuna jani litakaloumaliza peke yake. Hata hivyo takwimu hizo zinatufundisha kuwa ghala lililojaa mahindi halitoshi. Sukuma wiki inaongeza vitamini A na C, na kalisi yake hufyonzwa mwilini vizuri kuliko ile ya spinachi, ambayo hushikwa na asidi ya oksaliki. Ikiliwa pamoja na maharage, vitamini C yake huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo humo.

Faida hizo hupotea jikoni kwa urahisi. Jani likichemshwa muda mrefu na maji yakamwagwa, vitamini C huenda nayo, na magadi huiharibu zaidi. Njia bora ni kuosha majani kwa maji mengi, maana vidukari hujificha kwenye mikunjo, kisha kuondoa uti mgumu wa kati na kukata nyembamba. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta kiasi, tia mboga, funika kwa dakika tano hadi nane, kisha kamulia limau. Mafuta, au karanga zilizosagwa, husaidia mwili kupokea vitamini A. Anayeitaka mbichi aisugue kwa chumvi na limau mpaka ilegee, achanganye na parachichi, ambalo Rungwe na Njombe zinalo kwa wingi.

Wapo wanaosema ni chungu na ngumu. Ni kweli kwa majani yaliyokomaa mno na yasiyotolewa uti. Machanga hayana tatizo hilo. Wengine wanahofia rovu, na hofu hiyo ina msingi, kwani jamii ya kabichi ina kemikali zinazoweza kuzuia matumizi ya madini joto. Lakini kupika hupunguza kemikali hizo, na chumvi yenye madini joto huondoa wasiwasi kwa mlaji wa kawaida. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, ndiye anayepaswa kumwuliza daktari kwanza, kwa kuwa mboga hii ina vitamini K nyingi. Na anayeona ni mboga ya kigeni akumbuke kuwa kabichi nayo ilikuja kutoka mbali, na leo hakuna anayeiita ngeni. Mnafu, figiri na majani ya maboga vibaki mezani. Sukuma wiki ije kuviongezea nguvu.

Msimu huu wa baridi, panda miche michache, chuma majani yakiwa machanga, na uyaepue kabla hayajapoteza ukijani wake.