Panya Kariakoo: Jinsi ya kumtengenezea bundi sanduku, na kwa nini sumu inaharibu kila kitu

Ukipita Kariakoo lazima umsikie machinga mwenye spika ndogo inayorudia maneno yaleyale: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Wateja hawakosekani. Stoo za nafaka, mabaki ya mboga yanayolala mtaroni na dari za nyumba za zamani vinawapa panya kila wanachohitaji.

Yupo mwindaji mwingine wa panya, huyu anafanya kazi usiku na hadai hata senti. Shida ni kwamba watu wengi wakimuona wanamrushia mawe. Ni bundi.

Anayezungumziwa hapa ni yule mweupe kifuani, mwenye uso wa umbo la kopa. Anazoea majengo ya watu: darini, minarani, kwenye maghala. Hajengi kiota. Anatafuta shimo lenye giza na kutaga humo, na majengo ya zamani yakivunjwa kupisha maghorofa ya vioo, mashimo hayo yanapotea. Ndiyo maana sanduku la mbao linaweza kumsaidia.

Vipimo anavyohitaji fundi

Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, unene wa milimita 12, inatosha. Seremala yeyote, iwe Keko au mtaani kwako, anaimaliza kazi hii ndani ya siku moja.

Sakafu iwe inchi 24 kwa 18, na kimo cha sanduku inchi 26. Mbele na nyuma ni vipande viwili vya inchi 24 kwa 26, na pembeni viwili vya 18 kwa 26. Paa lizidi kidogo kwa mbele ili mvua isiingie: inchi 28 kwa 21 inafaa.

Mlango wa bundi ni tundu la inchi 5 kwa 5, na hapa ndipo mafundi wengi watakosea. Ukimwambia fundi "tundu la ndege" ataliweka chini au katikati. Linatakiwa kuwa juu, angalau inchi 18 kutoka sakafuni. Makinda wa bundi wanaanza kuzurura kabla hawajajua kuruka, na tundu likiwa chini wanadondoka nje. Aliyedondoka kutoka ghorofa ya tatu Mtaa wa Msimbazi hana wa kumrudisha.

Toboa matundu madogo sakafuni ili maji yatoke, na machache pembeni karibu na paa kwa ajili ya hewa. Upande mmoja weka kimlango chenye bawaba cha kusafishia. Rangi ipakwe nje tu. Ndani mwaga maranda, kiasi cha inchi mbili, basi. Majani na vitambaa havihitajiki.

Sanduku likae mita 4 au zaidi kutoka chini, kwenye kivuli, mbali na mwanga mkali wa taa. Usilibane chini ya bati. Joto la Dar es Salaam mwezi wa pili litawapika makinda humo humo.

Kuna bundi wadogo pia, wa ukubwa wa mkono tu, wanaokula zaidi wadudu kama panzi na nondo. Pemba ina wa kwake ambaye hapatikani kwingine duniani. Bundi wadogo wanaotaga kwenye mashimo ya miti wanahitaji sanduku dogo: sakafu inchi 8 kwa 8, kimo 16, tundu la duara la inchi 3, lifungwe mtini. Tundu likiwa dogo hivyo, kunguru naye hapiti kirahisi, na kunguru wa jiji hili kila mtu anawajua kwa kuvamia viota.

Sumu inavyomfikia bundi

Sumu nyingi za panya zinazuia damu kuganda. Panya haifi papo hapo. Inachukua siku kadhaa, na katika siku hizo inatembea kwa kuyumba, tena mahali pa wazi. Kwa bundi hiyo ni chakula rahisi. Anammeza panya mzima na sumu yake. Kwa hiyo jengo likiweka sanduku juu na sumu chini, linamwita bundi aje kufa. Wenye maduka wakubaliane kwanza: mitego badala ya sumu.

Jambo la pili ni uchuro. Wengi wamekuzwa wakiamini bundi akilia juu ya paa kuna msiba unakuja. Huyu wa uso wa kopa hata halii kama bundi wa hadithi. Anapiga yowe kali, na makinda wake wanatoa sauti kama mtu anayekoroma. Mlinzi asiyeambiwa mapema atachukua fimbo. Katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, ambako imani kama hizo zipo, masanduku yalipelekwa mashuleni na wanafunzi wakapewa matonge ya manyoya na mifupa anayotapika bundi. Wakiyachambua, wanaona mafuvu ya panya kwa macho yao.

Je, bundi atamaliza panya Kariakoo? Hapana. Panya buku mkubwa ni mzito kwake, anapenda wadogo. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa kwenye mashamba ya mahindi hapa nchini, uliwavuta ndege wawindaji kwa masanduku na nguzo za kutulia. Ulionyesha kwamba panya wakiweza kuingia kutoka jirani, kazi ya ndege hao inafifia. Kariakoo jirani ni kila upande, na taka zisipozolewa wageni hawaishi.

Usimkamate bundi kwingine ukamfungie humo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata mnyamapori bila kibali, na bundi aliyehamishwa kwa nguvu anaondoka tu. Akitaka atakuja mwenyewe, na inaweza kuchukua miezi. Angalia chini ya sanduku: ukikuta kinyesi cheupe ukutani na matonge meusi ya ukubwa wa kidole gumba, ujue ameshahamia. Kuanzia hapo usifungue kimlango mpaka makinda waruke.