Meli ya kitalii ikifunga gatini, mbona bado inatoa moshi?

Ukikaa karibu na bandari siku meli ya kitalii imeingia, tazama juu. Kamba zimefungwa, ngazi imeshushwa, abiria wametawanyika mjini na kofia zao, na meli haiendi popote mpaka jioni. Lakini bomba lake linatoa moshi kama kawaida. Gari likiegeshwa tunazima injini. Meli je, kwa nini isizime?

Tuanzie chini, kwenye chumba cha mitambo. Meli nyingi kubwa za kitalii za siku hizi hazina injini inayozungusha pangaboi moja kwa moja. Zina jenereta kadhaa kubwa, nyingi zikiwa za dizeli au mafuta mazito. Jenereta zinazalisha umeme, na umeme ndio unaoendesha mota za pangaboi. Meli ikifika gatini mota zinasimama na jenereta nyingi zinazimwa, ila moja au mbili lazima ziendelee kunguruma, kwa sababu meli hiyo ni hoteli. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Hao wote wanahitaji taa, viyoyozi, lifti, majokofu, majiko na mashine za kufulia. Huwezi kuwazimia umeme eti kwa sababu wengine wameshuka kununua vinyago.

Umeme kiasi gani?

Meli kubwa ikiwa gatini inaweza kutumia megawati 5 hadi 10 hivi. Tuchukue 8, na tuseme imekaa masaa 10. Hizo ni uniti 80,000, uniti zilezile unazonunua kwa simu. Nyumba inayotumia uniti 100 kwa mwezi ingezimaliza baada ya miezi 800, yaani zaidi ya miaka 66. Meli inazimaliza kwa siku moja.

Jenereta ya meli inachoma takriban gramu 200 za mafuta kwa kila uniti. Kwa hiyo siku hiyo moja inameza tani 16 za mafuta, na kutoa kama tani 50 za kaboni dayoksaidi.

Lakini kwa anayeishi jirani na gati, shida ya haraka ni vingine vilivyomo kwenye moshi: gesi za salfa, oksidi za nitrojeni, na chembechembe ndogo sana zinazofika mpaka ndani ya mapafu. Tangu 2020, sheria ya kimataifa inaruhusu mafuta ya meli yawe na salfa isiyozidi asilimia 0.5, yaani sehemu 5,000 kwa milioni. Linganisha na dizeli ya magari: tangu 2015, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 50 kwa milioni. Tofauti ni mara 100! Kuna maeneo yenye sheria kali zaidi, kama pwani za Amerika Kaskazini, ambako kikomo ni asilimia 0.1. Hata hiyo bado ni mara 20 ya dizeli ya daladala.

Meli ikiwa baharini, upepo unausambaza moshi huo mbali na watu. Gatini, watu wako palepale.

Mji uliochomeka meli kwenye umeme

Juneau, mji mkuu wa jimbo la Alaska, Marekani, una wakazi kama 32,000 tu, na hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine. Hata hivyo, mwaka 2023 ulipokea zaidi ya abiria milioni 1.6 wa meli za kitalii. Mji umebanwa kati ya milima na mkono mwembamba wa bahari. Siku zisizo na upepo, hewa baridi hulala chini na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, kwa hiyo moshi haupandi na unabaki mjini.

Mwaka 2001 Juneau ikawa ya kwanza duniani kuwapa meli za kitalii umeme wa nchi kavu. Meli inafunga, nyaya nene zinaunganishwa, jenereta zinazimwa, moshi unakwisha.

Ila si kama kuchomeka pasi. Kwanza, meli hizi hutumia umeme wa volti 6,600 au 11,000, kwa hiyo transfoma lazima iwepo. Pili, umeme wa meli nyingi hugeuka mara 60 kwa sekunde. Marekani nayo inatumia 60, hivyo Juneau ilipona hapo. Ulaya na Afrika Mashariki tunatumia 50. Mota iliyotengenezwa kwa 60 ukiipa 50 inazunguka taratibu zaidi na inaweza kupata joto kupita kiasi, kwa hiyo bandari zetu zinahitaji mtambo wa kubadilisha, na ni wa bei kubwa. Tatu, mdundo wa umeme wa meli na wa nchi kavu lazima ulingane kabla swichi haijafungwa. Fikiria watoto wanaozungusha kamba: huingii tu, unasoma mdundo kwanza. Ukikosea hapa, mitambo inaharibika.

Umeme wenyewe unatoka wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Umeme wa Juneau unatokana na maji, na meli huuziwa ule wa ziada. Maji yakipungua kwenye mabwawa, meli ndizo zinazokatiwa kwanza ili nyumba zisikose. Bandari inayopata umeme wake kwa kuchoma makaa ya mawe itakuwa imeuhamisha moshi tu. Jirani wa gati atapumua vizuri, jirani wa kituo cha umeme ataumia.

Kwa kipimo hicho, pwani yetu ina bahati fulani. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Meli inayofunga Mombasa ikipewa umeme huo, nafuu ni ya kweli. Lakini megawati 8 za ghafla si mchezo kwa gridi, na meli inayotia nanga nje na kuleta abiria kwa boti haiwezi kuchomekwa kabisa.

Ulaya imeshaamua: kuanzia 2030, meli kubwa za abiria na za makontena zitalazimika kutumia umeme wa nchi kavu kwenye bandari zake kuu, isipokuwa katika hali chache maalum. Meli zilezile huzunguka dunia nzima, na zikishafungwa vifaa hivyo kwa ajili ya Ulaya, zitakuja navyo na huku. Kwa hiyo ukisikia bandari fulani inajenga gati jipya la watalii, usiulize tu litaleta wageni wangapi. Uliza pia: soketi iko wapi, na nani atakatiwa umeme ukipungua?